Miundombinu ya kijiji na mfuko wa mkulima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenyeviti wa vijiji, watendaji, viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) na wakulima wa Tanzania Bara, hasa pale kijiji kinapoambiwa kitaje vipaumbele vyake. Palipo na hesabu ya shilingi, chukulia ni mfano. Ingiza bei za kwenu.

Tuanze na nini: barabara, ghala, umwagiliaji au umeme?

Anzeni na zao, mradi utafuata. Chagueni zao moja linaloingiza fedha kwa kaya nyingi, kisha lifuateni gunia moja kutoka shambani mpaka kwa mnunuzi wa mwisho mnayemfahamu. Kila linapobadilisha mikono, andikeni nani kachukua nini.

Tuseme ni mahindi, na soko ni Kibaigwa, soko kubwa la nafaka mkoani Dodoma. Pale sokoni kilo ni shilingi 600. Mnunuzi anakuja shambani anatoa 42,000 kwa gunia, lakini gunia lenyewe ni lumbesa, limeshindiliwa na kushonewa kilemba juu, ukiliweka mzanini linasoma kilo 115. Mzigo huo sokoni una thamani ya 69,000. Kwa hiyo kati ya shamba na soko zimebaki njiani 27,000. Zimeenda wapi? Bodaboda kutoka shambani hadi barabara kuu 6,000. Fuso 4,000. Kupakia na kushusha 2,000. Ushuru na mengineyo 2,000. Jumla 14,000. Zilizobaki 13,000 ni za dalali na mnunuzi.

Sasa pimeni dawa mbalimbali. Mkitengeneza kipande kibovu ili fuso ifike kijijini na bodaboda ashuke kutoka 6,000 hadi 2,500, mmeokoa 3,500 kwa gunia. Mkiweka mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kijiji kikakubaliana kwamba hakuna anayeuza kwa kilemba, zile kilo 15 za bure zinalipwa. Kwa bei ileile ya 42,000 kwa kilo 100, ni nyongeza ya 6,300. Mzani unanunuliwa kwa mchango wa msimu mmoja, barabara inahitaji bajeti ya halmashauri.

Hatusemi barabara haina maana. Kuna vijiji ambavyo fuso haifiki kabisa kuanzia Machi mpaka Mei, na huko mzani hauna wa kumpimia. Tunachosema ni kwamba jibu linatoka kwenye hesabu ya zao lenu, na mara nyingi halifanani na kile ambacho kila kijiji jirani kimeomba.

Lakini barabara ikija, si bei itapanda yenyewe?

Inaweza kupanda ikiwa wanunuzi watakuwa wengi. Barabara inamleta mnunuzi, haimlazimishi kushindana. Pale ambapo dalali mmoja ndiye anayejua bei ya mjini, na ndiye aliyewakopesha watu mbolea mwezi wa Januari, barabara nzuri inampunguzia yeye gharama na faida inabaki kwake. Angalieni viazi mviringo vya nyanda za juu kusini: kuna maeneo lori linafika hadi pembeni ya shamba, na bado viazi vinajazwa lumbesa na wapakizi wa mnunuzi, mwenye shamba amesimama anaangalia.

Kwa hiyo kila mnapopanga barabara, pangeni na namna ya kuuza: siku maalumu ya gulio, kituo kimoja cha kukusanyia, mzani, na mtu wa kupiga simu masoko mawili matatu kabla bei haijatajwa.

Kwa nini mnatuambia tuhesabu hata njia za miguu?

Kwa sababu ya Makete. Katikati ya miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliendesha mradi wa usafiri vijijini katika wilaya hiyo, wakati huo ikiwa Mkoa wa Iringa, leo ni Njombe. Badala ya kuanza na greda, waliingia kwenye kaya na kuuliza: nani anabeba nini, anakwenda wapi, anatumia muda gani? Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya safari haikuwa ya kwenda sokoni wala wilayani. Ilikuwa ndani ya kijiji: maji, kuni, mashine ya kusaga, shambani na kurudi. Mizigo mingi ilikuwa vichwani mwa wanawake, kwenye vijia ambavyo havimo katika ramani yoyote ya barabara.

Mradi ukaboresha vijia na vivuko vya miguu, ukahimiza punda, na ukatazama mashine ya kusaga na chanzo cha maji kama sehemu ya usafiri. Mashine ikisogea karibu, mama ameokoa saa, na saa hizo ndizo palizi inazozidai mwezi wa Januari.

Nyinyi fanyeni hivi: kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, kaeni na wanawake peke yao, kikao kifupi, muwaombe wachore wanakopita kwa wiki moja. Mkutanoni wanaume watataja barabara. Kwenye mchoro wa wanawake kitatokea kivuko cha mto ambacho hakuna aliyekitaja, na kumbe ng'ambo ya mto huo ndiko yaliko mashamba nusu ya kijiji.

Barabara yetu ni ya nani?

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000 na sehemu kubwa yake ni udongo mtupu. Kijia cha kwenda mashambani ambacho hakijaingizwa kwenye mtandao huo ni mzigo wa kijiji chenyewe.

Swali la kwanza kwa meneja wa TARURA wa wilaya liwe hili: je, barabara hii imesajiliwa? Kama haimo kwenye orodha, fedha za matengenezo haziwezi kuifuata, hata diwani apige meza namna gani. Kazi yenu ya kwanza inakuwa kuomba iingizwe.

Mradi unaingiaje kwenye bajeti?

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukipeleka ombi mwezi wa Mei umechelewa. Halmashauri huandaa mipango kuanzia mwishoni mwa mwaka, madiwani huijadili Januari na Februari, Bunge hukaa kuanzia Aprili. Kwa hiyo kijiji kinapaswa kuwa kimemaliza kazi yake kufikia Oktoba.

Njia rasmi ni ya O&OD, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, Kamati ya Maendeleo ya Kata inaunganisha vijiji vyote, kisha mpango unapanda wilayani. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari wenye mahudhurio na saini ndio hati yenu. Ombi la mdomo kwa mbunge akiwa ziarani si mpango, ingawa limewahi kufanya kazi, na hapo ndipo watu wanapopata tabia mbaya.

Ombi lenye nguvu lina kurasa mbili tu: zao gani, tani ngapi zinapita hapo kwa msimu, kaya ngapi, hasara iko wapi, kipande gani hasa kinatakiwa kutengenezwa, na kijiji kinachangia nini. Orodha ya mambo kumi na mawili, kuanzia zahanati hadi uwanja wa mpira, inamrahisishia ofisa kazi ya kuchagua analotaka yeye.

Fedha ni kidogo. Tutengeneze barabara nzima kwa wepesi, au vipande vichache kwa uimara?

Vipande. Barabara ya kilomita 14 haifungwi na kilomita 14, inafungwa na bonde moja la tope, kivuko kimoja na kilima kimoja kinachoteleza. TARURA wenyewe wana fungu la matengenezo ya sehemu korofi. Tembeeni barabara yote wakati wa masika, si kiangazi, na mpige picha kila mahali gari liliponasa. Orodha hiyo ndiyo mpango.

Kuchonga barabara nzima kwa greda kunapendeza macho siku ya kwanza. Kama hakuna mgongo wa kumwaga maji pembeni, hakuna mitaro, na mitaro haina mikono ya kutolea maji kwenye majani, basi mvua ya kwanza inageuza barabara kuwa mfereji. Mkaguzi wa kijiji hahitaji kuwa mhandisi kuona hili. Asimame katikati ya barabara baada ya kazi, aangalie: je, pembeni ni chini kuliko katikati? Maji ya mtaro yanaishia wapi? Kalavati mdomo wake uko usawa wa mtaro, au umening'inia nusu mita juu na maji yanachimba chini yake? Maswali hayo matatu yakiulizwa kabla mkandarasi hajalipwa, yanaokoa fedha nyingi kuliko ripoti nene.

Kwa vivuko, ulizieni madaraja ya mawe. TARURA iliyajenga kwa wingi Kigoma, kisha yakasambaa mikoa mingine. Ni tao la mawe na saruji bila nondo nyingi, gharama iko chini sana kuliko daraja la zege, na mafundi wa kijijini wanaajiriwa. Sharti ni mawe mazuri yawe karibu. Mkiyaleta kwa lori kutoka wilaya nyingine, hesabu inakuwa ileile.

Na lile bango la tani 10 mwanzoni mwa barabara si pambo. Lori la mkaa au la mbao lenye mzigo mara mbili ya hapo linaweza kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja wa mvua.

Tulijengewa ghala, sasa ni makazi ya popo. Tulikosea wapi?

Yako maghala mengi ya namna hii, na sababu zinajirudia. Ghala lilijengwa pale eneo lilipopatikana bure, wala si pale mazao yanapopita. Au ni kubwa mno: ghala la tani 1,000 kwenye kijiji kinachouza tani 200 halipati ada ya kulipa hata mlinzi. Au halina mwenye nalo, kwa sababu kamati iliundwa siku ya uzinduzi, wakapigwa picha, basi. Lakini sababu kubwa ni fedha za mkononi. Mkulima anavuna Juni akiwa na deni na mahitaji ya shule ya Julai. Huwezi kumwambia aweke mahindi hadi Desemba bei ipande kama hana cha kuishi nacho miezi sita. Ghala bila mkopo wa dhamana ya mazao, au bila SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kumpa sehemu ya fedha siku anapoingiza mzigo, ni jengo tu.

Kabla ya kuomba ghala jipya, angalieni kama lile la zamani la chama cha msingi linafaa kukarabatiwa: paa, sakafu isiyopandisha unyevu, chaga za kuinulia magunia, milango ya panya kuzibwa. Na nje yake pawe na sakafu ya kuanikia. Mahindi na karanga zikihifadhiwa mbichi hupata sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na hapo mnakosa soko na kujidhuru wenyewe kwa pamoja.

Stakabadhi ghalani ni nzuri au mbaya?

Ni mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa stakabadhi, na mzigo kuuzwa kwa pamoja. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho ilianza Mtwara msimu wa 2007/08. Faida yake ni kwamba wanunuzi wengi hushindania mzigo mkubwa mnadani badala ya kumvizia mkulima mmoja mmoja kwa kangomba, yaani ununuzi wa kichochoroni nje ya mfumo rasmi. Malalamiko nayo ni ya kweli: makato mengi na malipo kuchelewa. Kimiundombinu, inategemea mambo matatu: mzani wa kuaminika pale AMCOS, barabara ya kutoka AMCOS hadi ghala kuu inayopitika msimu wa mauzo, na benki au simu ya kupokelea fedha. Kikikosekana kimoja, kangomba hurudi. Kwa nyanya au mchicha, msifikirie kabisa.

Nyanya na mboga zetu zinaoza njiani. Tuombe chumba cha baridi?

Si mwanzo. Nenda Ilula, mkoani Iringa, msimu wa nyanya uangalie tenga linavyopakiwa. Limejazwa hadi juu, limefunikwa kwa majani, limepandishwa juu ya matenga mengine, na gari linapita kwenye mawimbi ya changarawe. Zile za chini zinafika rojo. Makreti ya plastiki yasiyoshindiliwa, kivuli cha kukusanyia, kuvuna alfajiri na kipande cha barabara kilicholainishwa hupunguza hasara bila umeme wowote. Chumba cha baridi kinadai umeme usiokatika na mzigo wa kila siku. Kikikaa tupu siku nne kwa wiki, bili itakifunga.

Maziwa ni tofauti. Hapo tanki la kupoozea ndilo mradi wenyewe, na barabara inatakiwa ipitike kila asubuhi mwaka mzima, maana ng'ombe hasubiri kiangazi.

Umeme umefika kijijini lakini kipato hakijabadilika. Kwa nini?

Kwa sababu wengi wamevuta wa taa na kuchajia simu. Kuunganishwa kwa shilingi 27,000 ni kwa njia moja, umeme wa kawaida wa nyumbani. Mashine kubwa ya kukoboa mpunga, kukamua alizeti au kuchomelea inahitaji njia tatu, umeme wa kuendesha mashine nzito, na si kila nguzo iliyopita kijijini imebeba nyaya hizo. Wakati REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na mkandarasi wanapima njia ya laini, kijiji kinatakiwa kuwa kimeshaonyesha eneo la mashine: hapa pana mashine ya dizeli, hapa tunataka kiwanda kidogo, leteni njia tatu mpaka hapa. Ukiomba baada ya nguzo kusimikwa, umeanza foleni upya.

Tunataka skimu ya umwagiliaji. Tahadhari ni ipi?

Hesabuni maji ya kiangazi, na muwahesabu walio juu yenu na walio chini yenu.

Skimu ya Lower Moshi, Kilimanjaro, ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Banio zuri la kuchepushia maji ya mto, mifereji ya zege, mashamba yaliyosawazishwa, mavuno ya mpunga yakapanda sana. Mafanikio hayo yakaonekana. Wakulima wa juu ya mto, waliokuwa nje ya skimu, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji yaleyale, na skimu ikabaki na uhaba, sehemu ya mashamba yaliyopangiwa mpunga ikakosa maji. Banio na mifereji vilikuwa sawa. Kilichokosekana ni makubaliano ya bonde zima.

Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya, ni somo la upande wa pili. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na uchepushaji wa maji ya mashamba kule juu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi. Maji hayo hushuka Mtera na Kidatu kuzalisha umeme.

Kwa hiyo: kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde kwanza, umoja wa wamwagiliaji uliosajiliwa, zamu zilizoandikwa, na ada ya kusafisha mifereji inayolipwa kabla ya msimu. Pia jiulizeni kama mnaweza kupata zaidi kwa kuziba mfereji wa asili unaovuja kuliko kujenga mpya.

Barabara inapita shambani kwangu. Nitalipwa?

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati pale ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Ukiwa umejenga au kupanda ndani ya hifadhi ya barabara (eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili yake) iliyokuwapo tayari, ni habari nyingine. Miradi midogo ya kijiji mara nyingi huendeshwa kwa watu kutoa ardhi kwa hiari. Hakuna ubaya, ila hiari iandikwe: mita ngapi, mipaka ipi, mashahidi nani, na mke au mume asaini. Ardhi iliyotolewa kwa maneno humgeukia mjukuu.

Wananchi wachangie? Na ushuru wa mazao tunaolipa unakwenda wapi?

Nguvukazi ni mchango mzuri kwa kazi inayofaa mikono: kuchimba mitaro, kukusanya mawe, kufyeka. Msaragambo wa kusomba kifusi kilomita tatu ni adhabu, na wanaotoka ni walewale maskini, wenye duka hutuma mia tano. Kama TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) ina ajira za muda kijijini, ombeni mitaro na vijia viingie kwenye orodha.

Ushuru wa mazao ni mapato ya halmashauri. Hauzidi asilimia 3 ya bei ya shambani, na kisheria mlipaji ni mnunuzi, ingawa sote tunajua anaurudisha kwenye bei. Tangu 2017 mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Lijueni hili mnapofika kwenye kizuizi. Na diwani wenu aulizwe kila bajeti: kata hii imekusanya kiasi gani, na kiasi gani kimerudi kwenye barabara ya zao lililotozwa?

Nani atatunza mradi ukishakamilika?

Aandikwe kabla ya kuanza, kwa jina la cheo na kwa kiasi cha fedha. TARURA hupata fedha za matengenezo kupitia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta, lakini haitakuja kuzibua kalavati lenu kila mvua ikinyesha. Kikundi cha watu watano au sita wenye majembe na mapanga, waliogawiwa kilomita zao na kulipwa kidogo kutoka mfuko wa kijiji au ada ya ghala, hufanya kazi hiyo vizuri. Miezi ya kazi ni miwili tu: kabla ya vuli na kabla ya masika.

Tutajuaje kama mradi umefanya kazi?

Rudieni ile karatasi ya gunia moja. Msimu wa kwanza baada ya mradi, mwezi uleule, zao lilelile, kaya zilezile kama kumi: bei ya shambani ni ngapi kwa kilo, bei ya sokoni ni ngapi, na kati yake zimebaki shilingi ngapi? Kama mwanya kwa gunia umepungua kutoka 27,000 hadi 18,000, mradi umelipa. Kama barabara inang'aa na mwanya uko palepale, tafuteni aliyebaki na tofauti, na muulize kwanza kama mzani bado unatumika au umefungiwa ofisini kwa mtendaji.